Sinema ya Mlinda Geti na Kikombe Alichokiacha Mwalimu

Alhamisi, asubuhi.

Ukungu umeshuka kutoka mlimani Magamba tangu alfajiri na haujanyanyuka. Nguo nilizofua juzi bado zina majimaji. Vidole vyangu ni vya baridi, na sijui kama ni huu mwezi wa saba au ni hofu.

Niandike tu, labda moyo utatulia.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni mama, nina mgahawa mdogo hapa Lushoto mjini, chini kidogo ya soko. Shule niliishia la nne. Ukurasa huu alinifungulia binti yangu Tumaini, ambaye anafanya kazi Korogwe. Alisema mama, badala ya kuongea na masufuria, ongea na huku. Basi naongea, na huku kwetu karibu hakuna anayeujua.

Jumapili, watu wakishatoka ibadani wakala, mgahawa wangu unageuka ukumbi wa sinema. Tuko kama kumi hivi, tunaopenda sinema za zamani, zile zisizo na rangi. Tunatundika mablanketi madirishani, tunaazima projekta, mimi napika chai ya maziwa. Nilipokuwa msichana niliuza maandazi mlangoni kwenye banda la video, nikawa natazama kwa kuchungulia penye tundu la pazia. Kiingereza sikijui mpaka leo. Ila nyuso najua kuzisoma. Mtu anayetaka kudanganya namjua kabla hajafungua mdomo, awe Mzungu awe nani.

Kiongozi wetu ni Mwalimu Zakayo wa Kwai, huko juu kupita Magamba, amestaafu miaka mingi. Ndiye anayetutafsiria. Na Mwalimu Zakayo ndiye baba yake Gadi, na Gadi ndiye aliyeleta barua ya posa kwa Tumaini wangu.

Barua tuliijibu. Jumamosi hii, keshokutwa, wazee wa upande wao wanakuja kwetu.

Au walikuwa wanakuja. Sijui tena.

Shida ilianza na sinema za giza. Wenyewe wanaziita film noir, neno la Kifaransa, Mwalimu anasema maana yake nyeusi. Alipanga mwezi huu tutazame hizo tu. Akaandika kwenye karatasi ya manila, akabandika ukutani karibu na kalenda yangu, dalili tano za kuijua sinema ya giza. Iwe na usiku na vivuli. Iwe na mpelelezi. Iwe na mwanamke wa kumponza mwanaume. Iwe na sauti ya mtu anayesimulia yaliyompata. Na iishe vibaya. Hiyo ya tano aliipigia mstari mara mbili. Alisema sinema ya giza haina kuokoka.

Jumapili iliyopita Fundi Hamisi, yule mshonaji wa jirani, akaleta ya kwake. Inahusu mlinda geti wa reli, kule kwenye nchi za theluji. Wanakuja watu wawili wanamwambia, kesho gari fulani likifika relini, wewe usiteremshe geti. Acha lipite, treni itamaliza. Jamaa hajibu. Usiku anakula, analala, mkewe anamfunika. Asubuhi anavaa koti anakwenda kwenye kazi yake, na mimi nikiwa na birika mkononi nikajua anakwenda kufanya waliyomwambia. Uso wake ulikuwa umeshakubali. Sinema nzima ni mchana, theluji nyeupe hadi macho yanauma. Mwisho kabisa treni inapiga honi, gari lile hilo, na mkono wake unateremsha geti. Gari linasimama. Basi, imekwisha.

Taa zilipowashwa Mwalimu akasema nzuri, ila haimo. Akanyoosha kidole kwenye manila. Usiku wenyewe dakika mbili, mpelelezi hakuna, mwanamke mbaya hakuna, msimuliaji hakuna, na mtu ameokoka. Hamisi akabisha kidogo kwa utani, akasema Mwalimu sasa unaipima sinema kama unasahihisha mtihani wa darasa la saba. Watu wakacheka, Mwalimu naye akacheka. Hapo bado kulikuwa kuzuri.

Mimi ningenyamaza. Kazi yangu ni chai.

Lakini nilisema. Nilisema giza la sinema haliko ukutani, liko kwenye kwenda. Mtu anaona shimo kwa macho yake, analijua ni shimo, na miguu yake mwenyewe inampeleka. Akitumbukia au asitumbukie, mwisho hauhesabiki. Mwalimu akanijibu taratibu kwamba mwisho ndio unaohesabika kuliko yote. Na mimi, sijui ni nini kilichonipanda, nikamwambia mbele ya watu wote:

"Mwalimu, wewe umekaa unahesabu vivuli, mtu mwenyewe hujamwona."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hamisi alipiga meza.

Mwalimu hakucheka. Alichukua kofia yake, akasema jioni njema, akatoka. Kikombe chake kilibaki pale kimejaa, kimetanda utando wa maziwa juu.

Mkwe wangu. Kwetu mkwe hata kumtazama usoni sana ni aibu, na huyu bado hata hajawa, ndiyo kwanza anakuja kubisha hodi. Na mimi nimemwambia "wewe", nikawafanya watu wamcheke.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Kwenye kundi letu la simu, ambako kila siku Mwalimu hututumia neno la asubuhi, hakuna kitu. Jana Tumaini alipiga. Gadi amemwambia mzee haongei habari za Jumamosi, ukimwuliza anaondoka kwenda shambani. Mtoto alikuwa analia ila anajikaza nisijue. Akaniuliza swali ambalo limeninyima raha mpaka sasa:

"Mama, kwani ukisema ile sinema siyo ya giza, unapungukiwa nini?"



Baba Tumaini amesema hilohilo kwa njia yake. Amesema mpigie mwanaume wa watu umwambie ulikosea, kwisha. Ni kweli nilikosea kwa ulimi. Hapo sina ubishi, nitapiga hata magoti. Lakini niseme sikuona nilichokiona? Maisha yangu yote watu waliosoma wameniambia hiki ni hiki, na mimi nasema ndiyo. Hiki kimoja nilikiona mwenyewe, hakuna aliyenitafsiria.

Halafu najiuliza, mama gani anaweka sinema na mtoto wake kwenye mizani moja?

Kwa simu siwezi. Simu mtu anakata. Nikimtuma mshenga, mshenga ni mjomba wake Gadi, ukoo mzima utajua kabla ya jua kuzama. Imebaki njia moja, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Niende Kwai mwenyewe.

Mama wa binti hakanyagi kwa kina mume kabla wao hawajafika kwake. Mimi nilifundwa hivyo na nimewafunda wangu hivyo. Ukionekana getini kwao, watasema anamtembeza binti yake kama mwenye kuuza kabichi. Nikionekana, siyo Jumamosi tu itakayoharibika, ni jina la Tumaini.

Najua yote hayo. Nimeshavaa sweta na bodaboda iko nje.

*

Alhamisi, saa kumi jioni.

Nimerudi. Mnisamehe nikikosea herufi.

Nilimwambia kijana wa bodaboda anishushe mbali, penye miti, nikapanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito, nikamshukuru Mungu kwa ukungu. Kila nilipompita mtu nilivuta kitenge usoni kama mwizi wa kuku. Nilitaka kugeuka mara tatu. Sikugeuka.

Mwalimu alikuwa ndani ya uzio wake anapunguza matawi ya mipeasi. Aliniona. Akaangalia barabara juu, akaangalia barabara chini, akaja mpaka getini na mkasi wake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba.

Nikasubiri neno karibu.

Halikuja. Hakufungua geti. Alisimama upande wake na mimi upande wangu, na nikajua imekwisha, nimemwua mwanangu kwa miguu yangu mwenyewe. Hata hivyo niliyoyabeba nikayasema. Nilisema nimekuja kuomba radhi kwa ulimi wangu, kwamba yeye ni mkubwa wangu, ni mwalimu, na kwamba kosa ni langu peke yangu, Tumaini hana hata chembe. Kuhusu sinema sikusema kitu. Sikusema nilikosea, sikusema nilipatia. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba hapo nitapapita kimyakimya.

Akaniuliza kama mshenga anajua nimekuja. Nikasema hajui. Baba Tumaini je? Hajui. Alikuwa ananiangalia mabegani, siyo usoni, vile inavyotakiwa.

"Ulijua hupaswi kufika hapa?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Na ukaja."

"Nikaja."

Akakata kitawi kidogo kilichokuwa kimeingia getini. Akakiangalia. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayotutafsiria nayo:

"Basi wewe ndiye yule wa relini. Umeliona shimo na miguu imekuleta. Kwa maneno yako, asubuhi hii ya leo ni sinema ya giza."

Sikufikiri. Nilijibu tu:

"Itategemea inaishaje, Mwalimu."

Akanitazama usoni mara ya kwanza tangu Jumapili, mara moja tu, kisha akashusha macho. Mashavu yake yalitetemeka. Nikadhani ni hasira. Yule mzee alikuwa anajizuia kucheka.

"Aa," akasema. "Kumbe mwisho unahesabika."

Nikawa kama nimemwagiwa maji ya mtoni.

Akanieleza kwamba geti hafungui kwa ajili ya Tumaini. Ukiingia humu leo, alisema, Jumamosi mimi nakuja kwako kufanya nini? Jirani akiuliza nitasema alipita mama mmoja anaulizia miche ya peasi. Akanipitishia kweli miche miwili juu ya geti, imefungwa kwa gunia, ili niwe na cha kuonekana nacho. Akasema hakununa kwa sababu nilimbishia. Alinuna kwa sababu ile sinema ameirudia peke yake Jumatatu na Jumanne, anatafuta nilichokiona, na hakuwa tayari kumwambia mtu amekipata au hajakipata. Sikuthubutu kumwuliza amekipata au hajakipata.

"Jumamosi saa nne," akasema. "Ile chai nitainywa huko. Sasa teremka upesi kabla ukungu haujaondoka."

Nikateremka. Nilipanda bodaboda na miche mapajani, na tulipofika mteremko wa Magamba ndipo kichwa kilipofunguka. Nilienda nimeapa sitalitoa neno langu. Nimelitoa bila hata kuombwa. Siku nne nimekataa kwamba mwisho unahesabika, nikaja kumkabidhi neno hilo mwenyewe, getini kwake, bure kabisa, na ameondoka na ushindi wake kwenda kwenye mipeasi.

Nimempigia Tumaini. Nimemwambia wanakuja, saa nne. Safari hii alilia bila kujikaza. Nikamwambia na jibu la swali lake, kwamba nimepungukiwa kidogo, ila siyo pa kuumia.

Baba yake ameuliza miche imetoka wapi. Nimemweleza kila kitu. Alikasirika, akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akataka kujua kama lile jibu nililitoa kwa makusudi ili mzee ashinde. Nimemwambia sijui. Nikilala nitajua, au sitajua.

Mwalimu, kama unasoma humu, shikamoo. Jumamosi nitakaa kimya kama mkwe anavyokaa. Manila yako bado iko ukutani, sijaigusa.

Ila kile kikombe. Tangu Jumapili nilikiweka juu ya kabati, nilishindwa kukiosha, kama ningekiosha ndiyo ningekuwa nimekubali kwamba hatarudi kukinywea. Leo nimekiosha, nimekipangusa, nimekitenga peke yake.

Na nilipokuwa nakipangusa nikajiuliza: kama Mwalimu angenigeuzia mgongo pale getini, hivi sasa ningekuwa nimekaa hapa nikisema giza liko kwenye kwenda tu, na mwisho hauhesabiki?