Vifuko Ndani ya Kiberiti

Jumapili

Mdomo wangu huu! Nani alinituma nimwambie Baba Wambui, mwenye ploti tunayopanga, kwamba kazi yangu kule maabara ni kulisha funza wa mahindi?

Nilidhani atacheka tu. Leo baada ya kanisa akaniita kwa shamba lake dogo nyuma ya vyumba, akanionyesha mahindi yaliyotobolewa. "Hawa funza ni wako. Umewaleta hapa Kawangware kwenye nguo zako za kazi."

"Mzee, tunawalisha ili tupate nyigu wa kuwamaliza shambani. Nyigu anataga ndani ya funza, watoto wake wanamla akiwa hai."

Nikapasua bua moja. Funza amekufa, na kando yake vifuko vyeupe vya nyigu, vidogo kuliko punje ya mchele. Nilifurahi kama mjinga. Wamekuja wenyewe, bila kuitwa!

Akachungulia. "Kumbe funza wako wametaga na mayai." Akanipa mkebe wa dawa ya unga. "Tia kila shina. Ama utoke kwa nyumba yangu."

Nitoke niende wapi? Kwa kaka yangu kule Mashimoni wanalala sita chumba kimoja, na mke wangu Nafula anajifungua mwezi huu.

Nikatia, ingawa unga huo unaua hata nyigu. Shina kwa shina, kwa mkono wangu huu, yeye akinifuata nyuma.

Vile vifuko nilivificha ndani ya kiberiti. Kiko hapa kando ya taa. Nafula ameuliza kina nini, nikasema hakuna kitu.

Kesho kutwa nyigu watatoboa watoke. Watoke waende wapi?