Shemeji Alivyozicheka Katuni Zangu

Zuleha, hebu sikia. Shemeji Zamoyoni kanidhalilisha mbele ya wageni!

Kazikuta zile katuni tulizokuwa tunasoma nyuma ya duka la baba yako kule Kagongwa, mwaka 97. Kainua moja juu. "Mama mzima anasoma habari za watu wanaoruka angani!" Wakacheka wote. Hata mume wangu kacheka!

Eti watu wanaoruka angani! Nikamuuliza, "Umesoma hata ukurasa mmoja?"

Basi nikasimama. Nikawaambia hadithi yenyewe haiwahusu wanaoruka. Mashujaa hao wanapigana juu ya mji, chini anakufa mama muuza samaki, na mji mzima unawapigia makofi. Mpelelezi mmoja tu, asiye na nguvu zozote, anauliza nani kamuua. Anatishwa, anafukuzwa kazi, bado anauliza.

Nikasema, "Mwaka uleule wa 97 nilipozisoma, kaka yangu Swaleh alifukiwa na kifusi shimoni kwenye machimbo ya Mwakitolyo. Wenye shimo wakahamia shimo jingine, wakaendelea kuchimba dhahabu. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nimesoma hizi, nikaenda kuuliza. Niliuliza kila siku mpaka wakamfukua, tukamzika."

Zamoyoni akasema, "Nisamehe shemeji, sikujua." Nikamwambia, "Sasa umejua. Kaa usome."

Na kasoma! Kakaa kwenye kochi anasoma, chai yake inapoa.

Mume wangu kaninong'oneza nizirudishe chumbani, wageni wengine wanakuja. Nimekataa. Nimezipanga mezani katikati ya sebule.