Jua Bado Liko Dirishani

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufunge mlango. Haya ninayoandika usimsomee mtu yeyote, hata ndugu, na ukipiga simu hapa ofisini kwenye makao ya wazee usiyaguse kabisa, maana Msimamizi hukaa meza ya jirani na masikio yake hayana likizo. Ukimaliza, ichane barua hii. Nisamehe kwa kuanza hivi. Nimeshaharibu karatasi kadhaa.

Mimi ni mzima, hofu yangu ni kwako na baridi ya huko ughaibuni. Magoti yanaendeleaje? Bibi naye hajambo, anakula na haumwi popote. Ndiyo maana naona aibu kulalamika.

Mama, kila unapopiga simu ukitoka kazini nakujibu kwamba Bibi amelala. Ndivyo makarani tulivyoagizwa kuwajibu ndugu wote. Kweli yuko kitandani, lakini macho yako wazi. Wahudumu wa mchana hawaruhusiwi kuondoka mpaka wazee wote wabadilishwe nguo, walazwe, na vyuma vya pembeni mwa vitanda vipandishwe. Kwa hiyo kazi ya kulaza huanza saa kumi alasiri, jua bado liko dirishani. Usiku anabaki mhudumu mmoja kwa nyumba nzima. Msimamizi si katili. Aliwahi kumwokota mzee aliyeanguka jioni akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo husema mzee aliyelala haanguki.

Bibi kazi yake ya ususi ilikuwa inaanza jua likipoa, wanawake wakimjia mlangoni na vitana vyao na habari zao. Wiki iliyopita aliniuliza, "Hivi huko nje bado kunakuwa na jioni?" Tangu aletwe hapa hajaiona.

Nikisema, nafukuzwa. Nikifukuzwa, Bibi naye hana nafasi, kwa sababu alipokelewa kwa kuwa mimi ni mfanyakazi. Nifanye nini?

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kwenye choo cha kazini, mlango nimeufunga kama ulivyotaka. Magoti yananung'unika tu, hayajagoma. Wewe unakula? Usinidanganye.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naandika hasira, na hasira zangu za huku zitakuponza wewe huko. Vumilia. Mkataba wangu haujaisha, siwezi kurudi. Hapo alipo mama yangu ana kitanda safi na anapata dawa kwa wakati. Usiseme kitu.

Ila niambie, akilala hivyo macho wazi anatazama nini? Wamemlaza upande gani? Mama hapendi kabisa upande wa ukutani. Nikifumba macho nataka nimwone alivyo sasa, siyo nilivyomwacha.

Mama yako


21 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Bibi amelazwa upande wa dirishani, lakini kile chuma cha kitanda kinalikata dirisha katikati, basi yeye hutazama dari.

Nimefanya jambo. Msimamizi alikwenda mkutanoni. Nikabaki ofisini nikijifanya napanga mafaili, wahudumu wa mchana walipoondoka na yule wa usiku akiwa upande wa pili wa nyumba, nikaenda chumbani, nikateremsha chuma, nikamvalisha Bibi sweta juu ya gauni la kulalia. Akanitazama akasema, "Mume gani huyu, anamtorosha mke huku jasho linamtiririka?"

Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, panapoanikwa mashuka. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wanarudi makwao. Hatukuwaona, tulisikia tu mtu akimgombeza mwenzake kwa kusahau mkate, na baiskeli ikilia mnyororo. Bibi alicheka kwa ajili ya huo mkate. Jua likashuka nyuma ya matangi ya maji, mashuka yakabadilika rangi. Akauliza kama na kwako jioni imeshaingia. Nikamwambia huko inachelewa.

"Basi tungoje," akasema.

Mama, alitaka tungoje mpaka ikufikie.

Tuliporudi, mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Yule mzee tunayemwita Redio, kwa kuwa mchana kutwa hanyamazi, alikuwa amelala chali, kimya. Akaniambia, "Karani, kesho na mimi." Nikaitikia. Sijui ujasiri niliutoa wapi.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, ila usingizi umenikimbia.

Huku kazini, nyumba ya wazee kama hiyo yenu, nina bibi mmoja ambaye ni zamu yangu kumlaza. Tunaanza mapema, mara baada ya chakula, na mimi husifiwa kwa kumaliza kabla ya wenzangu. Jana nilimvua soksi, nikakaa nazo mkononi, kisha nikamvalisha tena. Nikamsogeza dirishani. Lugha yake naijua ya kazi tu, basi hatukuzungumza. Tulitazama taa za barabarani zikiwaka. Mimi nilikuwa namtazama yeye na kumwona mama yangu, mpaka akaninyooshea mkono akanipangusa uso.

Nilikwambia usiseme kitu. Sema. Wakimtoa, mchukue.

Mama yako


2 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo sote, na nikisema sote sasa maana yake ni mimi na Bibi, chini ya paa moja.

Redio nilimtoa kama nilivyoahidi, kila jioni Msimamizi akishaondoka. Wengine wakajua, wakaanza kuniita kutoka vitandani. Wiki ileile barua yako ilipofika, Msimamizi alirudi kuchukua miwani yake, akatukuta tumejaa kwenye ngazi. Hakupaza sauti. Aliwarudisha wazee mmoja mmoja kwa upole, kisha akanikalisha. Nikamwomba wanaojiweza waachwe nje mpaka giza liingie, nami nitakaa nao kila siku baada ya kazi.

"Na siku utakayougua wewe," akaniuliza, "nani atawainua?"

Akasema ama Bibi alale kama wenzake, ama nimchukue. Nikamchukua, na kazi ikaishia hapo.

Sitakuficha. Tuna chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Choo kiko mbali, nesi hakuna, na juzi Bibi alikosea hatua nusura twende chini wote wawili. Kazi bado natafuta. Kuna saa naogopa kwamba Msimamizi alikuwa sahihi. Lakini jioni Bibi huketi mlangoni, na binti wa fundi humletea kichwa chake asukwe. Vidole vimekuwa vizito, mistari inakwenda upande. Binti anasema ndiyo mtindo.

Ninayemkumbuka zaidi ni Redio. Nilipopita na mabegi walikuwa wameshamlaza. Alinipungia mkono juu ya chuma.

Sasa nisikilize vizuri. Usiandike tena ofisini. Bahasha iandikie fundi cherehani wa nyuma ya soko, mwenye mlango wa kijani, naye atanipa mkononi. Namba ya simu yake nimeiweka nyuma ya karatasi hii. Ile ya ofisi ifute, karani mpya atakwambia Bibi amelala. Usipige asubuhi, fundi huwa na wateja. Piga jioni ya huku, na uiache ilie, kwa sababu lazima azunguke nyumba kutuletea. Ikichelewa kupokelewa, usikate. Tutakuwa macho.

Mwanao