Fermín Amepatikana Nogales

Nogales, Jumapili

Mama Eufrosina,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya wiki nzima. Wajukuu wasikusumbue, yule mdogo akikataa maharage, mpe tortilla na chumvi, atakula.

Jana nilikwenda kwa wale wasamaria wema wanaowalisha wahamiaji waliorudishwa kutoka Marekani, ng'ambo ya ukuta wa mpakani. Nilibeba picha ya Fermín, maana miezi minane bila simu si mchezo. Mtawa mmoja, Sista Amparo, aliitazama, kisha akageukia jikoni: "We Fermín, una mgeni!"

Mwanao akajitokeza mlangoni, kitunguu mkononi.

"Nani kakwambia niko hapa?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekuja kuuliza umezikwa wapi."

Tukalia wote wawili, mpaka Sista akatuletea kahawa na kututania: "Hayo machozi ni ya kitunguu au ya mapenzi?"

Mama, amenikataza nisikwambie, lakini utajionea mwenyewe. Alipotea jangwani siku tano, na hospitalini wakamkata mguu wa kulia chini ya goti, maana ulishaoza kwa majeraha. Tangu atoke huko anapika hapa. Aliona haya kupiga simu. Anasema alikuahidi nyumba ya matofali, na sasa atarudi na magongo tu.

Nikamjibu, "Mama yako hakuzaa matofali."

Tunapanda basi Alhamisi. Nakuomba jambo moja: akishuka, mtazame usoni kwanza.

Mkaza mwanao akupendaye,
Obdulia