Kijiti Nilichomchongea Baba

Mpendwa Shangazi Opal, naomba unisaidie kupitia safu yako ya gazeti kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa, maana nikimweleza mtu wa hapa kanisani habari itamfikia baba kabla mimi sijafika nyumbani.

Baba yangu ameshapita miaka themanini na katika vilima hivi vya Ozark hakuna asiyeujua mkono wake, kwani bunduki ya mtu ikikwama haendi mjini, anakuja barazani kwetu, naye baba huifungua huku akizungumza habari za mvua, na ukimaliza kahawa yako ameshaifunga. Masika yaliyopita alikwenda kuwinda bata mzinga na binamu yangu Dale, wakakaa kila mtu upande wake wa korongo, baba akaita kwa kile kisanduku chake cha mbao kinacholia kama bata jike, dume likaitikia kwa mbali, na hapo Dale, aliyewinda tangu utoto na anayejua vizuri kwamba msimu huo mtu haingii msituni na kitu chekundu wala cheupe wala cha buluu kwa sababu ndizo rangi za kichwa cha dume, Dale huyo alibanwa na mafua, akatoa leso nyekundu, akapenga, na baba akafyatua.

Marisawa, zile chembe ndogo za risasi, yaliingia kwenye mti wa mwaloni, Dale akaambulia vipande vya gome usoni. Baba akauliza kwa sauti, "Nimempata?" naye Dale akamjibu, "Umemkosa, mjomba, ameruka." Mpaka leo baba anaamini alimkosa bata. Dale alipokuja kunisimulia alikuwa anacheka, "Hivi Nadine, mimi nina ndevu kifuani kama dume la bata mzinga?" kisha tukakubaliana tusimwambie mzee.

Sasa ndipo nilipofanya nililofanya. Bunduki yake ya marisawa ni ile inayojilisha yenyewe, ukifyatua moja nyingine inapanda, na ndani ya bomba lililo chini ya mtutu mna springi inayozisukuma risasi, na katikati ya springi mna kijiti alichokichonga baba mwenyewe, kwa kuwa sheria ya uwindaji haitaki bomba lijae. Nilikitoa nikakificha kwenye kopo la vifungo, nikachonga kingine, nikakichovya kwenye chai kipate rangi ya ukongwe, ila kiunoni nikakiacha kinene kidogo ili springi iking'ang'anie na risasi ya pili isipande, ibaki imelala upande kwenye mlango wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Nilidhani atajaribu, atachoka, ataitundika ukutani.

Hakuitundika. Tangu majani yaanze kupukutika bunduki iko mezani jikoni, amebadilisha springi, amesugua bomba mpaka linang'aa, amepiga tupa kile kijiko kinachonyanyua risasi, amekishuku kila kitu isipokuwa kijiti, hicho anakitoa, anakifuta, anakiweka pembeni, maana kazi ya mkono wake anaijua. Jirani alipoleta bunduki yake, baba hata hakuifungua, alimwambia, "Mpelekee fundi wa mjini. Mimi la kwangu mwenyewe limenishinda." Na juzi nikiwa napakua maharage na mkate wa mahindi, akaniambia bila kuinua kichwa, "Nadine, mama yako alianza hivi hivi." Mama alikufa akiwa amesahau hata majina yetu, Shangazi. Jana baba amenikabidhi funguo za gari lake, akasema nizifiche, hata akiziomba kwa ukali nisimpe.

Nikisema ukweli, nitalazimika kumwambia kwamba nusura amuue mtoto wa dada yake. Nikinyamaza, ananifia huku anapumua. Nifanye nini?

Mwenye Kijiti

*

Mwenye Kijiti, pole. Ishike hiyo vizuri kwa sababu huku chini hutapata nyingine.

Hebu niambie, umelelewa na fundi wa bunduki au na muuza maziwa? Unasema risasi ya pili haipandi. Na ya kwanza je? Ya kwanza anaitia chemba kwa mkono wake, na inatoka kama ilivyotoka siku zote. Ile iliyochana mwaloni ilikuwa ya ngapi? Dale angeweza kuuawa kesho na bunduki hiyo hiyo mbovu uliyojitengenezea. Kwa hiyo kisu chako hakijamkinga mtu yeyote, kimemmaliza mzee tu.

Naelewa uliogopa. Ningekuwa wewe hata mimi ningeogopa, na huenda ningefanya upuuzi mkubwa zaidi. Lakini macho ni kitu kimoja na akili ni kitu kingine. Una mzee ambaye macho yamefifia, na wewe umemfanya aamini kwamba akili ndiyo imefifia, tena katika nyumba ambamo mkewe alikufa kwa ugonjwa huo huo wa kusahau. Halafu unamwangalia anakula maharage. Na huyo Dale asijifiche nyuma yako, maana aliyeingia msituni na leso nyekundu si mzee.

Fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Jumapili. Mwite Dale. Pika kahawa. Toa kijiti chake kwenye kopo la vifungo na chako kwenye bunduki, uviweke vyote viwili mezani mbele ya baba yako, kisha funga mdomo. Mwache avishike. Vidole vyake vitamwambia kabla yako, na hilo la kugundua mwenyewe ni lake, usimnyang'anye. Akikuuliza kwa nini, mwambie habari ya mwaloni mpaka mwisho, na Dale aitamke kwa kinywa chake. Ole wako useme "tulikuwa tunakulinda." Ataifunga bunduki mwenyewe kwa kijiti chake cha zamani, mafuta tone tu kwa sababu springi ikilowa nayo hunata, aijaribu kwa risasi bandia mpaka aone ya pili inapanda. Muwe mnatazama. Ikishapanda, mwombe bunduki hiyo, usiiibe, mwombe. Na mpeleke kwa daktari wa macho. Funguo za gari kaa nazo mpaka daktari aseme, ila ajue anazitoa kwa ajili ya macho yake na si kwa ajili ya kijiti chako.

Akitaka kwenda kuwinda Aprili, akae nyuma yako na kisanduku chake, yeye aite, wewe upige. Lakini huenda asitake. Mtu akishajua alimlenga mpwa wake, msitu haumpokei tena kama zamani, na wewe unaweza kukaa na sahani mbili mezani bila neno hadi majira yabadilike. Usilalamike. Kuchonga unajua, lakini watu wa zamani walituachia neno jingine la hapo hapo: kumchongea mtu, kumponza kwa maneno. Wewe umemchongea baba yako bila hata kufungua mdomo.

Haraka, binti. Mtu akiaminishwa kwa muda mrefu kwamba akili inamtoka, mwishowe huacha kuishikilia.

Shangazi Opal