Maji Hayakuwemo Katika Mkataba

Makote, Newala
9 Novemba 1991

Kaka yangu mpendwa Erasto,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Masasi ukiwa mzima wa mwili, na hasira yako ikiwa imepungua angalau kidogo. Mama anakusalimu. Baba bado amelazwa hospitali Newala. Mkono umefungwa plasta, taya limeanza kufunguka, na jana alikunywa uji.

Yule kijana wako Safari amenieleza ulivyomtuma: kwamba fundi Ladislaus ametoka kwa dhamana, na Jumamosi ijayo utakuja na wenzako kumvunja vidole vyote asishike mwiko tena. Nakuomba kwanza usome mpaka mwisho.

Unajua tangu biashara ifunguliwe kwa watu binafsi, kijiji hakingoji tena mafundi wa serikali. Kamati ilimpa Ladislaus kandarasi ya tangi la kuvunia maji ya mvua. Lilipojazwa maji kwa majaribio, ukuta ukapasuka, maji yote yakaishia mikoroshoni. Kamati ilisema ameiba saruji. Yeye alisema walilijaza kabla halijakauka. Mkataba ulitaka ugomvi wa kazi uamuliwe na mtu mmoja wa kuaminika, nao wakamchagua Baba. Nilikuwa likizo, kwa hiyo mimi ndiye niliyewasomea kipengele hicho mbele ya watu wote.

Baba aliamua vizuri, kaka. Alisema ukuta ubomolewe na Ladislaus aujenge upya kwa saruji yake. Ladislaus aliinamisha kichwa akakubali. Lakini watu walipiga makofi, makofi yakamwingia Baba, akaongeza kwamba mpaka ukuta usimame, nyumba ya Ladislaus isichote maji bombani. Hilo hakuna aliyemuuliza. Nawe unaijua Oktoba yetu: asiye na bomba hushuka bondeni, na kurudi ni nusu siku.

Dorika, mke wa Ladislaus, alivumilia mpaka mtoto wake alipoharisha, ndipo akaja na ndoo. Mama Julia, aliyekuwa bombani na wenzake, alimwambia akaikamue saruji ya mumewe anywe. Wanawake wakacheka. Dorika alipokinga ndoo walimvuta nywele, wakamwangusha, wakamkanyaga tumboni. Vijana nao wakaona ngoma imeanza, wakakimbilia kuchoma nyumba yake. Nilisikia mbuzi wakilia ndani ya moto. Baba alikuwa anakimbia kuwazuia, akakutana na Ladislaus akitoka na nyundo. Pigo la kwanza lilivunja mkono, la pili taya. Nilimfunga Baba majeraha kwa kanga yangu, ikalowa damu yote.

Mtoto wa Dorika alifariki kesho yake kwa kule kuharisha. Aliitwa Felix.

Sasa nikueleze jambo ambalo hutalipenda. Juzi hakimu aliniita. Watu wa kamati walikuwa wameniomba niseme Baba alipewa mamlaka yote, ili waliochoma nyumba wasiguswe. Nikasema kama nilivyosoma: alipewa ukuta tu, maji hayakuwemo. Mama Julia alinisonya, akasema nimesomeshwa ili nimchongee baba yangu. Hakimu alisema uamuzi wa ukuta utasimama, wa maji ni batili, na aliyepiga nyundo na waliochoma watashtakiwa kila mmoja kwa lake.

Nilimfuata Baba hospitali nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Alisema kwa taabu, meno yakiwa yamebanana, kwamba nisingesema mimi, angesema yeye taya likipona. Akaniagiza nimchotee Dorika maji.

Siku ya kwanza Dorika aliyamwaga miguuni pangu. Leo ameyapokea, ila hakunitazama.

Kwa hiyo ukija Jumamosi utanikuta hapo kwao, na itabidi uanzie kwangu. Baba hakupewa maji, kaka, na wewe hukupewa vidole vya Ladislaus. Vidole hivyo vina ukuta wa kujenga kabla ya mvua.

Msalimie wifi Isabela na watoto. Mama anasema ukija peke yako atakupikia ming'oko, vile viazi vya porini.

Mdogo wako akupendaye,
Stella Nikolao