Mabenchi Yako Stoo

Umetuona, usijifanye! Umepita korido ya hospitali na funguo za stoo kiunoni, ukamwona mama mdogo, aliyetulea sote wawili, kaketi sakafuni na mguu umevimba. Ukageuza shingo.

Mabenchi wameondoa YOTE, ndugu yangu. Yote!

Nikamuuliza mlinzi kulikoni. Hana hata haya: "Wakubwa wanakuja kukagua msongamano. Mabenchi yakiwepo, watu wanajaa."

Eti mabenchi ndiyo yanayoleta wagonjwa!

Mama mdogo, na maumivu yale, akamjibu: "Basi mwanangu, ondoeni na vitanda, tupone wote." Korido nzima ikacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Mimi sisahau. Wagonjwa walipozidi mara ya kwanza, walipaka ukuta rangi. Walipozidi tena, wakaongeza mlinzi. Daktari hawajaongeza hata mmoja, na hospitali nyingine zinaleta wagonjwa wao hapa kila siku.

Kisha wakatusukuma nyuma ya jengo, juani, tusionekane. Mganga mkuu akapita na wageni wake: "Mnaona? Korido inapumua." Inapumua! Sisi je?

Nesi kauona ule mguu, akaninong'oneza kwamba usipotibiwa leo utakatwa. Huku chini kunaunguza kwa jua, na mama mdogo akienda kutafuta pa kukaa, anapoteza zamu. Kwa hiyo amesimama. Kanishika bega, na foleni haisogei.

Wageni bado wamo ofisini, mlango wazi. Usinijibu hapa kwenye simu. Inuka, fungua stoo, uyaburute mabenchi mbele ya macho yao. Sasa hivi!